Majuma Matatu ya Kwanza: Malezi ya Vifaranga wa Kambale Nyumbani

*Mada iliyowasilishwa na Kitengo cha Uvuvi, Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, mbele ya wakazi na vikundi vya wafugaji wa kata*



Kambale ni samaki anayesifiwa kwa ustahimilivu. Maji yakipungua, hujizika kwenye tope na kusubiri mvua. Ardhi ikilowa usiku, huweza kutambaa nchi kavu kutoka dimbwi moja hadi jingine. Hewa ikiadimika majini, hupanda juu na kuvuta ya angani. Kwa sifa hizo ameenea karibu bara zima la Afrika, kuanzia bonde la Mto Nile hadi kusini kabisa. Aina inayofugwa zaidi, ambayo wataalamu huiita Clarias gariepinus, ilielezwa kitaalamu mwaka 1822 na Mwingereza William Burchell. Sehemu ya pili ya jina hilo imetokana na Gariep, jina la asili la Mto Orange wa kusini mwa Afrika.

Sifa hizo ni za kweli, lakini ni za kambale aliyekomaa. Kifaranga aliyeanguliwa jana hana hata moja kati ya hizo. Hasara nyingi katika ufugaji huu huanzia hapo: mfugaji huwatendea vifaranga kwa kadiri ya uhodari wa wazazi wao, naye huamka asubuhi akakuta tangi limetanda weupe wa matumbo.

Jambo hili linagusa mifuko ya kaya na ya vikundi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hukopeshwa na halmashauri kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, na baadhi huchagua ufugaji wa samaki kwa sababu hauhitaji eneo kubwa. Vifaranga wakifa, deni halifi. Kikundi kilichonunua vifaranga 400 kikabakiwa na 100 kimelipa bei ya vifaranga wanne kwa kila mmoja aliye hai, kabla hata ya kununua kilo moja ya chakula cha kunenepesha. Kwa hiyo, mada hii inahusu kipindi kimoja tu, yaani majuma matatu ya kwanza. Atakayeyavuka salama majuma hayo atakuwa ameupita mlango mwembamba kuliko yote katika ufugaji wa kambale.

Kifaranga alivyo

Katika mazingira ya asili, kambale hutaga wakati wa mvua kubwa, mito inapofurika na maji mapya kusambaa kwenye majani ya kingoni. Dume na jike hukutana usiku katika kina kifupi, mayai hunata kwenye majani yaliyozama, kisha wazazi huenda zao. Hawalindi mayai wala hawalei watoto. Jike mmoja huweza kutaga makumi ya maelfu ya mayai kwa mkupuo, na wingi huo ndio unaofidia ukosefu wa malezi: walio wengi huliwa na vyura, wadudu wa majini na samaki wengine, wachache hubaki. Mfugaji hana wingi huo wa kupoteza. Kila kifaranga alichonacho amemlipia.

Katika maji yenye joto la nyuzi 28 hivi, yai huanguliwa baada ya takriban saa 24. Maji yakiwa ya baridi zaidi, huchelewa. Anayetoka ana urefu wa milimita 5 hadi 7 na uzito wa miligramu chache tu. Chini ya tumbo amebeba kifuko cha kiini cha yai, ambacho ndicho chakula chake kwa siku 2 hadi 3 za mwanzo. Katika siku hizo vifaranga hujisonga pembeni penye giza na kulala chungu nzima. Hawaumwi wala hawana njaa. Anayewatupia chakula wakati huo hawashibishi, bali anayachafua maji watakayoyahitaji kesho.

Baada ya kiini kwisha, kifaranga huanza kuogelea na kutafuta riziki. Hapo ndipo udhaifu wake wa aina tatu hujitokeza. Wa kwanza ni wa pumzi. Kiungo kinachomwezesha kambale kuvuta hewa ya angani, chenye umbo la matawi na kilichokaa juu ya matamvua, huwa bado hakijaota. Huanza kufanya kazi katika juma la tatu hivi. Kabla ya hapo, kifaranga hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini kama samaki mwingine yeyote. Wa pili ni wa tumbo. Katika siku za mwanzo tumbo lake halijakomaa, hivyo hameng'enyi ipasavyo chakula kikavu. Wa tatu hutoka kwa ndugu zake wenyewe, kwa kuwa kambale huanza kulana wangali wadogo sana. Kila hatua ya malezi inayofuata katika mada hii imekusudiwa kumkinga kifaranga na mojawapo ya mambo hayo matatu.

Chombo na mahali pa kukiweka

Si lazima mfugaji awe na bwawa ili alee vifaranga. Tangi la kioo linalokaa juu ya meza imara latosha kwa kuanzia, na diaba safi la plastiki lafaa pia. Kioo kina faida moja kubwa: humwezesha mfugaji kuona. Matumbo yakijaa au yakiwa matupu, uchafu ukitua chini, aliyekufa akijificha kwenye kona, vyote huonekana bila kuingiza mkono majini.

Uchukuliwe mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30. Likijazwa maji hadi sentimita 20, hubeba lita 36. Kina hicho kifupi chatosha, na hewa hukipenya kwa urahisi. Kwa anayeanza, kifaranga 10 kwa kila lita ni kiwango cha kiasi, yaani wasizidi 360 katika tangi hilo. Vituo vyenye maji yanayotiririka mfululizo na wataalamu wa zamu huweka wengi zaidi ya hapo. Nyumbani, tamaa ya kuongeza mia mbili juu ya mia tatu huweza kuwamaliza wote mia tano.

Tangi liwekwe mahali pasipopigwa na jua la moja kwa moja, kwa sababu maji machache hupata moto haraka mchana na kupoa haraka usiku. Kambale ni wa gizani kwa tabia yake, kwa hiyo tangi lifunikwe nusu au zaidi kwa kitambaa cheusi. Kivuli huwatuliza vifaranga na kupunguza ugomvi. Joto linalowafaa ni nyuzi 28 hadi 30. Kipimajoto ni kifaa cha bei ndogo, na katika maeneo ya miinuko penye baridi ya usiku, hita ndogo ya majini ni ya lazima.

Yapo mambo mengine ya nyumbani yanayoua vifaranga bila kelele. Dawa za kupulizia mbu na mende zina sumu kali kwa samaki. Pampu ya hewa ikiwa chumbani humo, huivuta hewa yenye dawa na kuisukuma majini. Karai la mabati na sufuria ya shaba huachia madini yanayowadhuru. Sabuni kidogo iliyobaki kwenye ndoo, au mafuta ya kujipaka yaliyo mikononi, huchafua maji vivyo hivyo. Ndoo na vikombe vya vifaranga vitengwe, visitumike kwa kazi nyingine yoyote.

Maji

Maji ya bomba hutiwa klorini ili yawe salama kwa binadamu, lakini klorini hiyohiyo huchoma matamvua ya kifaranga. Yakingwe katika chombo kipana kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kutumika, au yapigwe hewa kwa pampu usiku kucha. Maji ya kisima kirefu aghalabu huwa na oksijeni haba, nayo yahitaji kupigwa hewa kabla ya kumiminwa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa yana madini machache mno. Yachanganywe na ya kisima au ya bomba yaliyotulia, yasitumike peke yake. Maji ya mto au bwawa yachujwe kwa kitambaa, kwani huja na mayai ya vyura na wadudu wawindaji ambao baada ya siku chache huwa wakubwa kuliko vifaranga.

Kila nyumba inayolea vifaranga iwe na akiba ya maji yaliyokwisha kutulia, isiyopungua nusu ya ujazo wa tangi, wakati wote. Akiba hiyo ifunikwe kwa neti. Pipa la maji lililo wazi huwa mazalia ya mbu, na si haki mradi wa samaki wa kaya moja uwaletee majirani malaria au homa ya dengi.

Pampu ndogo ya hewa yenye mpira na kijiwe cha kutawanya mapovu ndiyo mapafu ya tangi. Mapovu yawe madogo na mtiririko uwe wa upole, kwa sababu kifaranga wa siku nne hawezi kushindana na mkondo mkali. Anayetumia kichujio achague cha sponji kinachoendeshwa na hewa. Kichujio chenye mdomo wazi huwafyonza vifaranga. Ieleweke pia kwamba sponji mpya haisafishi maji siku ileile. Kazi ya kuibadilisha amonia, ambayo ni sumu itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula, hufanywa na bakteria wenye manufaa ambao huchukua majuma kadhaa kuzaliana katika sponji. Mpaka hapo, kinachowaokoa vifaranga ni mkono wa mfugaji unaobadilisha maji.

Siku ya kuwapokea

Vifaranga hununuliwa katika kituo kinachotambuliwa, wala si kwa mpitaji asiyejulikana. Kituo cha Kingolwira mkoani Morogoro na baadhi ya kampasi za Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ni miongoni mwa taasisi za umma zenye utaalamu wa kazi hii, na wapo wazalishaji binafsi waliosajiliwa. Mnunuzi aulize siku waliyoanguliwa na chakula walichozoeshwa, kisha aandike.

Mfuko waliosafirishiwa uelezwe juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Baada ya hapo mfuko ufunguliwe, maji ya tangi yaongezwe humo kikombe kimoja kimoja, kwa kupumzika kati ya kikombe na kikombe. Mwisho vifaranga wahamishiwe tangini kwa chujio laini au kwa kikombe, nayo maji ya safari yamwagwe nje. Yamejaa uchafu wa safari nzima, na kuyatia tangini ni kuanza kazi kwa deni.

Chakula na saa zake

Chakula cha kwanza chafaa kiwe hai na kinachotembea. Kinachosifika kuliko vyote ni artemia, kiumbe mdogo wa maji ya chumvi, wa jamii ya kamba, ambaye mayai yake makavu huuzwa kwenye makopo. Katika lita moja ya maji hutiwa chumvi gramu 25 hadi 30 na mayai gramu moja. Chombo hupigwa hewa kwa nguvu na kumulikwa taa, kwenye joto la nyuzi 28 hivi. Baada ya saa 24 hewa huzimwa kwa dakika kumi: maganda matupu huelea juu, na watoto wa artemia, wenye rangi ya machungwa, hukusanyika kuelekea penye mwanga. Hufyonzwa kwa mpira mwembamba, huchujwa kwenye kitambaa kilichofumwa kwa karibu, husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi, kisha hupewa vifaranga. Maganda yasiingie tangini, kwa kuwa hayamengenyeki.

Uzuri wa chakula hiki ni kwamba hujipima chenyewe. Kifaranga aliyekula huonekana tumbo limevimba na kuwa la rangi ya machungwa. Nusu saa baada ya mlo, mfugaji aangalie kwa tochi: wenye matumbo ya rangi wameshiba, wenye matumbo meupe hawakupata. Hata hivyo, artemia hawadumu muda mrefu katika maji yasiyo na chumvi. Wakibaki, hufa na kuoza. Kipimo sahihi ni kile kinachokwisha katika muda mfupi.

Makopo ya artemia yana bei, na si kila kikundi kitamudu. Ipo njia ya pili. Wadudu wadogo waitwao moina, ambao huonekana kama nukta zinazorukaruka katika madimbwi, huweza kufugwa kwenye ndoo iliyo kando kwa kulishwa hamira kidogo iliyokorogwa katika maji, kiasi cha kuyafanya yawe na ukungu mwepesi tu. Huvunwa kwa neti laini na kusuuzwa. Anayewachukua moja kwa moja dimbwini awachuje mara mbili, kwanza kwa neti pana ili kuwaondoa wadudu wakubwa, kisha kwa neti laini ili kuwapata wao wenyewe. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kilichokamuliwa katika kitambaa, ni chakula cha dharura cha siku moja au mbili. Huharibu maji upesi mno, hivyo hakifai kuwa mazoea.

Kifaranga ana tumbo dogo na ukuaji wa kasi, kwa hiyo hula kidogo na mara nyingi. Ratiba inayofaa nyumbani ni ya kila saa tatu: saa 11 alfajiri, saa 2 na saa 5 asubuhi, saa 8 mchana, saa 11 jioni, saa 2 usiku na saa 5 usiku. Hiyo ni milo saba. Kwa kikundi, ni kazi ya zamu inayopaswa kuandikwa majina ubaoni. Kwa kaya, ni mgawanyo kati ya baba, mama na vijana wa nyumbani. Mradi usio na mtu wa saa 5 usiku hauna budi kuanza kwa vifaranga wachache zaidi.

Kuanzia siku ya saba hivi, chakula kikavu cha kiwandani cha vifaranga, kilicho laini kama unga na chenye protini ya karibu asilimia 50, huanza kuchanganywa na kile kilicho hai. Hutangulizwa kikavu wakiwa na njaa, kisha hufuatishwa kilicho hai. Siku hadi siku kikavu huongezwa na kilicho hai hupunguzwa, hata mwisho wa juma la tatu wawe wamezoea. Kubadilisha ghafla, leo artemia na kesho unga mtupu, huwaacha wale dhaifu na njaa mbele ya chakula tele.

Usafi wa kila siku

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote huoza. Katika tangi la vifaranga msemo huo ni kweli tupu. Kifaranga aliyekufa hushikwa na ukungu mweupe kama pamba ndani ya muda mfupi, na maji yaliyomzunguka huharibika. Kila asubuhi na kila jioni, kabla ya chakula, waliokufa waondolewe na uchafu wa chini ufyonzwe kwa mpira mwembamba. Maji yanayotoka yapokelewe kwenye ndoo nyeupe, wala yasimwagwe papo hapo, kwa sababu huwa na vifaranga wazima waliofyonzwa pamoja na uchafu. Waokolewe kwa kijiko na kurudishwa.

Robo hadi theluthi ya maji ibadilishwe kila siku kwa maji yaliyotulia na yenye joto lilelile. Katika tangi la lita 36, hiyo ni lita 9 hadi 12. Maji mapya yaingie polepole. Kubadilisha maji yote kwa siku moja huonekana kuwa ni usafi wa hali ya juu, lakini mshtuko wake huweza kuwaua vifaranga sawasawa na uchafu wenyewe.

Vifaranga wakionekana wamesimama wima juu ya maji wakipapia hewa, hasa kabla ya juma la tatu, hiyo ni dalili ya oksijeni kupungua au amonia kuzidi. Jibu lake ni kusimamisha chakula, kuongeza hewa na kubadilisha theluthi ya maji mara moja. Jibu lake si dawa. Vidonge vya binadamu vinavyosagwa na kutiwa majini huua bakteria wenye manufaa, huzoesha vimelea usugu, na havitibu maji machafu.

Umeme ukikatika

Hili ni jaribio ambalo kila mfugaji wa nyumbani hana budi kulitarajia. Pampu ikizimika usiku na tangi likiwa limejaa, saa chache zaweza kutosha kufuta kazi ya majuma mawili. Jambo la kwanza ni kutolisha, kwa kuwa samaki anayemeng'enya chakula hutumia oksijeni nyingi zaidi, na chakula kisicholiwa hutumia iliyobaki. La pili ni kuchota maji ya tangi kwa kikombe, kuhakikisha hamna kifaranga ndani, na kuyamimina tena kutoka kimo cha mkono, taratibu na mara kwa mara, yachukue hewa yanapoanguka. La tatu ni kubadilisha sehemu ya maji kwa yale ya akiba. Pampu ndogo ya betri ni ununuzi wa busara, na kikundi kimoja chaweza kuwa na moja inayotumiwa kwa zamu na wanachama walio karibu.

Ndugu kulana

Kufikia juma la pili, vifaranga wa mayai ya siku moja huwa wametofautiana kwa ukubwa. Aliyetangulia kwa milimita chache humshika mwenzake mkiani na kummeza hadi penye kichwa, kisha huacha kichwa. Akikua zaidi, humtanguliza mwenzake kichwa na kummeza mzima. Hesabu hupungua bila mizoga kuonekana, na mfugaji hushuku wezi. Mwizi yumo tangini, naye hutambulika kwa kichwa kipana na tumbo kubwa kupita kawaida.

Tiba yake ni tatu kwa pamoja: kushibisha, kutia kivuli na kutenganisha. Kuanzia juma la pili, mara moja kwa juma, vifaranga wapangwe kwa ukubwa. Wakubwa wahamishiwe chombo chao, wa kati chao, na wadogo chao. Beseni la plastiki lililotobolewa matundu sawasawa na kulainishwa kingo latosha kuwa chujio: likishikwa majini, wadogo hupita wenyewe na wakubwa hubaki. Kazi hii ifanyike asubuhi kabla ya mlo, wakati wa baridi ya hewa, mikono ikiwa imelowa. Wadogo waliotenganishwa wasidharauliwe. Wengi wao hukua upesi mara tu wanapoacha kuishi kwa hofu.

Baada ya majuma matatu

Katika juma la tatu mfugaji ataanza kuwaona vifaranga wakipanda juu kwa haraka, wakigusa uso wa maji na kushuka. Hao hawataabiki. Wameanza kuvuta hewa kama wazazi wao. Kuanzia hapo ustahimilivu unaosifiwa hujengeka siku hadi siku, na matayarisho ya kuwahamishia kwenye tangi kubwa au bwawa huweza kuanza. Bwawa likaguliwe kwanza kama lina vyura na wadudu wawindaji, na vifaranga wahamishwe jioni au alfajiri.

Kifaranga aliyelelewa hadi hapo ana thamani mara nyingi ya ile ya kifaranga wa siku tatu. Wapo wanaonenepesha wenyewe, wapo wanaowauzia wenye mabwawa. Kando ya Ziwa Victoria, vifaranga wa kambale hununuliwa pia na wavuvi wa ndoano kama chambo cha sangara. Hata hivyo, vifaranga wasimwagwe mtoni, ziwani au kwenye mfereji, hata wakiwa wamezidi idadi inayohitajika. Waweza kupeleka magonjwa na kuvuruga samaki wa asili wa mahali hapo.

Daftari na huduma za halmashauri

Kila mfugaji awe na daftari lenye safu tano: tarehe, joto la maji asubuhi, maji yaliyobadilishwa, chakula kilichotolewa, na idadi ya waliokufa. Vifo vya mmoja mmoja katika siku za mwanzo ni vya kawaida. Vifo vinavyoongezeka kwa siku mbili mfululizo ni habari inayopaswa kufika kwa Ofisa Uvuvi siku hiyohiyo, pamoja na daftari lenyewe na chupa ya maji ya tangi. Ofisa aliyeletewa daftari hutambua chanzo upesi. Aliyeletewa mizoga peke yake hubakia kukisia.

Huduma ya ushauri hutolewa bila malipo katika ofisi ya Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Wakazi walio mbali wapeleke maombi yao kwa Mtendaji wa Kata, ambaye huyaunganisha ili mtaalamu awatembelee wafugaji wa eneo moja kwa siku moja. Shughuli za uvuvi nchini zinaongozwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, kwa hiyo anayekusudia kuzalisha vifaranga kwa ajili ya kuuza, au kuwasafirisha nje ya wilaya, afike ofisini apewe utaratibu kabla ya kuanza.

Vikundi vinavyoandika andiko la mkopo kwa mradi huu vinashauriwa kuyatanguliza mambo manne kabla ya bei ya vifaranga: chanzo cha maji na akiba yake, pampu ya hewa na mbadala wake umeme unapokatika, chakula cha majuma matatu ya kwanza, na majina ya watu wa zamu. Kikundi kisicho na hayo manne kianze na tangi moja la vifaranga wachache, kijifunze kwa gharama ndogo, kisha kiombe mkopo kikiwa na daftari la mavuno ya kwanza mkononi.

Halmashauri inawatakia wafugaji wote wa kata hii malezi mema na mavuno ya kutosha.